Dan 7 akiwa na miaka 34: hesabu zinakataa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa miaka 8 anafanya taekwondo kwenye klabu moja hapa Tabata, Dar es Salaam. Huu ni mwezi wa 14. Mwalimu wao ana miaka 34 na kadi yake inasema ana dan 7 ya taekwondo, dan 5 ya karate, dan 4 ya judo, ni grandimasta, bingwa wa dunia, na amefundisha makomando. Kwenye maonyesho ya mwisho wa mwaka alipasua vigae vitano, akalala juu ya misumari, akapindisha mkuki kwa koo lake. Sasa anataka wazazi tulipe shilingi 900,000 za "mpango wa mkanda mweusi", mtoto aupate ndani ya miezi sita. Mume wangu anasema tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mtoto analia tukitaja kumtoa. Tutaujuaje ukweli?

JIBU: Marahaba, mama. Tuanze na lile unaloweza kulimaliza kwa kalamu na karatasi kabla hujatoka nyumbani.

Dan (ngazi za mkanda mweusi) za taekwondo ile inayochezwa Olimpiki hutolewa na Kukkiwon, makao makuu yaliyofunguliwa Seoul, Korea Kusini, mwaka 1972. Mtu apige mateke vizuri namna gani, kuna miaka ya kusubiri. Dan ya kwanza ni kuanzia umri wa miaka 15. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili unasubiri mwaka 1, kwenda ya tatu miaka 2, ya nne miaka 3, ya tano miaka 4, ya sita miaka 5, ya saba miaka 6. Jumlisha: 15, 16, 18, 21, 25, 30, 36. Aliyeanza utotoni huwahi ngazi za chini, ila ya saba nayo inamsubirisha mpaka 36. Kwa hiyo mtu wa miaka 34 asiyewahi kufeli mtihani hata mmoja ameishia dan 6. Hapo bado hujaweka miaka aliyoitumia kupata dan 5 ya karate na dan 4 ya judo.

Ama cheti hakikutoka Kukkiwon, ama umri si wake, ama hiyo dan ni ya mdomoni. Mwombe kwa adabu uone cheti. Cha Kukkiwon kina namba, na tovuti yao ina sehemu ya kuhakiki. Jiandae na jina kama lilivyoandikwa, tarehe ya kuzaliwa na hiyo namba. Mwalimu aliyesota miaka 20 kukipata hukitoa kwa furaha, na pengine atakuchosha kwa maelezo. Anayekuambia "vyeti viko Korea" au "wewe mama hutaelewa" ameshakujibu.

Kuna pia dan za heshima, ambazo hazina uhusiano na mazoezi. World Taekwondo, shirikisho la dunia la mchezo huo, ilimpa Vladimir Putin dan 9 ya heshima mwaka 2013 na ikamvua mwaka 2022, na katika kumpa na kumvua hakuna aliyemtaka apige hata teke moja. Basi ukionyeshwa cheti, angalia kama ni cha mtihani, cha heshima, au cha kuhudhuria semina ya siku mbili. Hicho cha semina kikiwekewa fremu nzuri, kwa mbali huwezi kukitofautisha na cha dan.

Karate haina mlango mmoja. Mtindo wa Shotokan peke yake una mashirika mengi, likiwemo JKA la Japani lililoanzishwa 1949. Goju-ryu, Shito-ryu na Wado-ryu nazo zina ya kwao. Yeyote anaweza kusajili shirika lake kesho, akajipa dan 10 keshokutwa. Kusema "dan 5 ya karate" bila kutaja mtindo na shirika ni kama kusema una digrii bila kutaja chuo. Muulize: nani alikutahini, mji gani, mwaka gani, cheti namba ngapi? Kisha waandikie hao aliowataja. Judo ni rahisi zaidi kufuatilia kwa sababu dan hupitia chama cha taifa, na katika nchi zetu wana judo wa dan 4 ni wachache kiasi kwamba wote wanajuana.

Ubingwa wa dunia usikusumbue. Mashindano ya dunia ya karate yalianza Tokyo mwaka 1970, ya taekwondo Seoul mwaka 1973, na washindi wake wanajulikana. Muulize uzito gani, mji gani, mwaka gani, na fainali alimpiga nani. Bingwa halisi hasahau jina la aliyemshinda fainali. Ila jua kwamba kuna "mashindano ya dunia" mengi ya mashirika madogo, ambako kundi la umri na uzito linaweza kuwa na watu watatu, wote wakarudi na medali. Hapo mtu hakudanganya moja kwa moja, ametia chumvi tu. Rekodi ya bondia wa kulipwa unaifungua kwenye simu, tovuti ya BoxRec, na kuihesabu. Mapambano ya siri ya kufa na kupona ndiyo pekee yasiyo na rekodi, na kwa bahati wapiga chai wote walishinda huko. Ya makomando achana nayo. Kumwelekeza askari mmoja mtaani jumamosi moja nako huitwa kufundisha makomando.

Lakini hata kadi yote ingekuwa kweli, mama, swali lako lisingekuwa limejibiwa. Wapo wenye vyeti halali ambao madarasa yao hayana kitu, na wapo wa dan 2 wasio na kadi wala jina wanaolea watoto hodari kwenye uwanja wa shule ya msingi, sakafu ya saruji, bila hata kioo cha ukutani. Darasa bovu utalijua kwa jambo moja: hakuna anayempinga mwenzake. Mwanafunzi akirushiwa ngumi anajua itapita wapi. Akishikwa, anayemshika anaachia kwa wakati. Kila kitu kinafanikiwa kila siku, miaka nenda rudi, kwa sababu hakuna aliyepewa ruhusa ya kukiharibu.

Hapo ndipo wanapotokea hata wale waliojiamini kwa dhati. Mwaka 2006 huko Japani, Yanagi Ryuken, mzee aliyekuwa akiwaangusha wanafunzi wake bila kuwagusa, alikubali kupigana na mpiganaji wa mapambano huru. Nguvu ya kutogusa haikufanya kazi kwa mtu ambaye hakuwa mwanafunzi wake, akapigwa mbele ya kamera. Mwaka 2017, Chengdu, China, Xu Xiaodong, mpiganaji wa mapambano huru, alimmaliza Wei Lei, mwalimu wa taichi, chini ya nusu dakika. Dhambi ya taichi ni ipi hapo? Taichi ni mazoezi mazuri, wazee wananufaika nayo. Shida ni kuzoea miaka mingi wenzako wanaokuangukia. Mwanafunzi wa mwalimu wa namna hiyo huanza kuanguka kwa heshima, baadaye kwa mazoea, na mwishoni haelewi tena kama ameanguka mwenyewe au ameangushwa.

Sasa chukua saa. Nenda ukae pembeni siku mbili tofauti, mazoezi yote kuanzia mwanzo. Andika dakika: za kupasha mwili, za kurusha mateke hewani kwa mistari, za pumse (zile hatua zilizopangwa), za mazoezi na mwenzake, na za upinzani wa kweli. Katika saa moja na nusu ya watoto, ningetaka kuona dakika 25 hadi 30 za wawili wawili, na kama 10 ndani yake ziwe za mmoja kujaribu kufanikiwa na mwingine kujaribu kumzuia. Kwa mtoto wa miaka 8 upinzani haumaanishi kupigana hadi damu. Kugusana mabega mmoja akikwepa, kusukumana kutoka kwenye duara, kunyang'anyana mkanda, kupiga teke kwenye kinga ya kifua mwenzake akisogea: yote hayo ni upinzani, kwa sababu mwenzake hataki ufanikiwe. Ukikuta dakika 70 za kupiga hewa huku wakipaza sauti kwa Kikorea, mtoto anapata jasho na nidhamu. Si haba, ila kwa bei hiyo ni aerobiki.

Angalia pia kuanguka. Mwambie mwanao nyumbani, juu ya godoro, achuchumae kisha ajiangushe kinyumenyume. Aliyefundishwa huingiza kidevu kifuani, hukunja mgongo kama mpira na kupiga godoro kwa viganja na mikono, pembeni kidogo ya mwili. Asiyefundishwa huweka viganja nyuma kujizuia (viwiko na vifundo vya mikono huvunjika hivyo) au hugonga kisogo. Taekwondo haina mieleka ya judo, lakini anayesimama kwa mguu mmoja huku mwingine uko hewani huanguka kila siku. Miezi 14 bila kujua kuanguka ni kosa la mwalimu, hata angekuwa na dan 9. Na kama hiyo dan 4 ya judo inawafanya warushane, waulize wanarushana juu ya nini. Mikeka ya kuunganisha ya sentimita 2 inatosha mateke. Kurusha mtu kunahitaji tatami ya sentimita 4 au 5. Juu ya saruji tupu watoto wasirushane kabisa.

Vifaa: kinga ya meno, ya kifua, ya miguu na ya sehemu za siri, kila mtoto na kinga yake ya meno. Kofia ya sponji huzuia michubuko na kupasuka ngozi, ila haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Mwalimu anayesema "wamevaa kofia, waache wapigane" hajui anachosema. Mtoto akipigwa kichwani halafu akaumwa kichwa, akatapika, akazubaa au akasahau yaliyotokea, mazoezi yake yameisha siku hiyo na safari ni ya hospitali. Na mwalimu anayekanyaga mapaja ya watoto ili "wafunguke" msamba, anayewachapa fimbo kwa kukosea, anayewanyima maji kama adhabu kwenye joto la Dar, au anayekataza wazazi kutazama, huyo humhakiki tena. Unamchukua mtoto jioni hiyo hiyo.

Tuje kwenye yale maonyesho, maana ndiyo yanayowauza walimu wengi kuliko cheti chochote. Hayo ni michezo ya jukwaani yenye fizikia yake, na mengi yanafundishika kwa wiki moja.

Vigae vitano vilipangwa vimegusana, au kulikuwa na vipande vidogo kati ya kimoja na kingine? Ukiweka penseli au kijiti kila upande ili ibaki nafasi, kigae cha juu kinavunjika peke yake, vipande vyake vinaangukia cha pili, cha pili cha tatu, mpaka chini. Mpigaji amevunja kimoja, vingine vimevunjana. Viondoe vijiti, vilaze vimegusana, vyote vinapinda pamoja na kugawana pigo. Hapo ndipo utaona mkono wa kweli. Mbao ni hivyo hivyo. Za maonyesho kwa kawaida ni za msonobari, mraba wa sentimita 30, unene wa karibu 2, na hukatwa ili nyuzi zake ziende sambamba na kingo mbili zinazoshikwa. Pigo la katikati linapasua kufuata nyuzi, kama kuni. Igeuze ubao huo robo duara, ukashike kingo zile nyingine, umwambie apige tena. Mbao iliyokaushwa sana kwenye oveni huwa rahisi zaidi. Tofali moja juu ya jiwe nalo lina ujanja: mpigaji hulinyanyua kidogo sana upande mmoja kwa mkono wa kushikia, pigo linaposhuka tofali linagonga ukingo wa jiwe na kuvunjikia hapo. Kazi imefanywa na jiwe.

Misumari ni hesabu tu. Mtu wa kilo 70 akilala juu ya misumari 1,000, kila mmoja unabeba gramu 70, uzito wa yai kubwa. Hatari iko wakati wa kulala na kuinuka, ndiyo maana wasaidizi humshusha taratibu. Wakimwekea tofali kifuani na kulivunja kwa nyundo, uzito wa tofali na kule kuvunjika ndiko kunakomeza pigo kabla halijafika mbavuni. Mkuki wa koo una ncha butu, mti wake ni wa kunyumbulika, na hauwekwi kwenye koromeo lenyewe bali chini yake, kwenye kishimo kilicho juu ya mfupa wa kifua. Mti ukishaanza kupinda, nguvu inaishia kwenye kupinda. Asiyejua mahali pa kuuweka huumia kweli, kwa hiyo watoto wasiige. Na watoto wasipasue mbao ngumu kwa vifundo vya ngumi: ncha za mifupa yao bado zina sehemu laini za ukuaji, zikiharibika mfupa hukua vibaya.

Sisemi kupasua ni udanganyifu. Kunapima shabaha na kujiamini, na vigae visivyo na vijiti ni kazi ya miaka. Ila kigae hakikwepi na hakirudishi.

Kujihami nako kuna mzaha wake, na huu ni wa hatari. Ukiwaona wakifundisha kunyang'anya kisu au panga, tazama anayeshambulia. Akichoma mara moja, akaacha mkono umenyooka hewani kama kigingi wakati mwenzake anafanya mbinu nne, hiyo ni ngoma. Kuna kipimo cha shilingi chache: fulana nyeupe, kalamu ya wino mzito badala ya kisu, na mshambuliaji aambiwe achome na kurudisha mkono haraka, mara nyingi, huku mkono mwingine ukisukuma. Baada ya sekunde 10 hesabu alama kwenye fulana ya mwalimu. Hata walio hodari hutoka na alama, na mwalimu mkweli atawaonyesha watoto alama hizo kisha aseme: ukiona kisu, kimbia. Roba ya mbao hupigwa kwa nyuma, na panya road hawaji mmoja mmoja. Anayemwahidi mtoto wa miaka 8 kwamba atamnyang'anya mtu mzima panga anamtengenezea msiba.

Mkanda mweusi kwa mtoto si uongo wenyewe. Kukkiwon huwapa walio chini ya miaka 15 ngazi iitwayo poom, mkanda wake nusu mwekundu nusu mweusi, na inaweza kugeuzwa dan akifika umri. Wala dan ya kwanza haimaanishi ubingwa. Wajapani huiita shodan, ngazi ya mwanzo. Mfumo wenyewe uliletwa na Jigoro Kano wa judo, aliyetoa dan za kwanza mwaka 1883, na karate ikauazima baadaye. Kwa mtu anayefanya mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki, miaka 3 hadi 5 ndiyo kawaida kuufikia mkanda huo. Jumla ya miezi 20 kwa mtoto wa miaka 8 ni haraka mno, lakini kinachonitisha zaidi ni kwamba tarehe imeshauzwa kabla ya mtihani. Mtihani ambao matokeo yake yamelipiwa ni risiti.

Jiulize hela ziko wapi. Tuseme klabu ina watoto 40, mtihani kila miezi mitatu, shilingi 30,000 kila mmoja: hiyo ni 4,800,000 kwa mwaka, mbali na ada. Ndiyo maana mikanda huzaa vitoto, njano, njano yenye mstari, njano yenye mistari miwili, na hakuna anayefeli. Si vibaya mwalimu kula kwa kazi yake. Waliojitolea bure wengi wameshachoka na kuacha. Uliza tu: mwaka jana wangapi walifeli? Ada ya poom inayokwenda Kukkiwon ni kiasi gani, na iliyobaki ni ya nini? Cheti kitakuwa cha Kukkiwon au cha klabu? Ayaandike, aweke sahihi.

Usimwaibishe mbele ya watoto. Mwambie kwamba hamlipi 900,000 mpaka muone namba ya cheti chake na majibu hayo kwa maandishi. Kama mlishatoa kianzio, dai risiti leo. Halafu uliza Baraza la Michezo la Taifa kama klabu na chama inachodai kuwa chini yake vimesajiliwa. Usajili hauthibitishi ubora wa ufundishaji, ila kutosajiliwa kunakuambia kwamba likitokea la kutokea hutakuwa na mlango wa kubisha. Tembelea klabu nyingine mbili, zozote, hata za judo au ndondi, umruhusu mtoto ajaribu siku moja kila mahali. Mwalimu atakayekasirika kwa sababu mwanafunzi wake alitembea kwa jirani anaogopa mtoto ataona kitu huko.

Mtoto mwenyewe hajakosea chochote. Mateke aliyojifunza ni yake, rafiki zake ni wake, na kama wawili watatu kati ya wazazi wenzio wana wasiwasi kama wako, hameni pamoja. Kilio kitapungua nusu. Huko mtakakokwenda huenda akavalishwa mkanda mweupe. Mwandae kabla, nyumbani, umwambie watamvika upya kwa sababu hawajamwona akicheza. Baada ya mwezi mmoja, rudia lile zoezi la godoro.